Msaada: php -m inasema intl ipo, tovuti inasema haipo. Nani mwongo hapa?

#1 Kibatari (mleta mada), Alhamisi saa 3:40 usiku

Wakuu, habari za usiku.

Nipo kwenye chuo kimoja cha kati. Mimi ndiye IT, mimi ndiye fundi printa, na projekta ikigoma naitwa mimi. Tulikuwa na Moodle 4.1 (mfumo wa masomo ya mtandaoni) kwenye hosti ya kushea, ikazidiwa, tukahamia VPS yetu wenyewe, yaani seva pepe ya kukodi. Hiyo VPS nimeikuta. Aliiandaa jamaa aliyekuwepo kabla yangu, akaacha karatasi yenye nywila na kwaheri. Ni Ubuntu 22.04, nginx (inayopokea maombi ya tovuti) na MariaDB (hifadhidata).

Nimehamisha kila kitu salama, nikaona nipandishe kabisa mpaka 4.5. Ukurasa wa ukaguzi ukanipa mstari mwekundu: intl (moduli ya PHP ya mambo ya lugha, tarehe na namba) lazima iwepo na iwe imewashwa. Hata kitufe cha kuendelea sipewi.

Nikaingia kwenye seva:

```
php -v                        (inasema PHP 8.3)
sudo apt install php8.3-intl  (imekubali)
php -m | grep intl            (inajibu: intl)
```

Ipo! Narudi kwenye brauza, nyekundu vilevile. Nimeiondoa na kuirudisha mara mbili. Nimerestati nginx. Nimerestati seva nzima. Nimebadili brauza, nikajaribu hadi kwa simu. Jibu ni lilelile, haipo.

Jumatatu wanafunzi wanaanza kupakia kazi zao. Naombeni msaada kabla sijaitwa ofisini.

#2 MtaaWaSaba

Natandika mkeka hapa. Waje wataalamu.

#3 RootNiMimi

Hiyo seva imeshavurugika mkuu. `sudo apt purge php*` halafu weka upya zote. Dakika kumi umemaliza.

#4 FundiMitambo

Kibatari, ukishasoma #3 isahau. Hiyo nyota itabeba kila kifurushi kinachoanza na herufi hizo, phpmyadmin ikiwemo, na kesho utakuwa unatafuta hata vile vilivyokuwa vinafanya kazi leo. (Nikisema kifurushi nasemea cha apt, ile amri ya kusakinishia programu, si kile cha wiki unachonunua kwenye simu.)

Tupime kwanza, dawa baadaye. Tuletee majibu ya haya matatu:

```
ls /etc/php/
ls /run/php/
grep -r fastcgi_pass /etc/nginx/sites-enabled/
```

#5 RootNiMimi

Mimi nimefanya hivyo mara kibao na sijafa.

#6 FundiMitambo

Seva yako, uamuzi wako. Hii ina kazi za watoto wa watu.

#7 Kibatari

Haya hapa mkuu:

```
8.1  8.3

php-fpm.sock  php8.1-fpm.pid  php8.1-fpm.sock

/etc/nginx/sites-enabled/moodle: fastcgi_pass unix:/run/php/php8.1-fpm.sock;
```

Sasa mbona zipo mbili? Mimi nilijua ipo moja tu.

#8 BintiMakorora

Hakuna mwongo hapo kaka. Umeuliza swali zuri, ila umemuuliza asiyehusika.

Ukiandika `php` kwenye terminali unaita PHP ya terminali, na kwenye seva yako hiyo ni 8.3. Tovuti haimjui huyo. Nginx haina PHP tumboni. Ikipata ombi la ukurasa wa PHP inalipitisha kwenye soketi, na soketi yenyewe umetuletea hapo juu: php8.1-fpm.sock. Upande wa pili wa soketi kuna mchakato mwingine kabisa, FPM ya 8.1 (ndiyo PHP inayohudumia tovuti), wenye php.ini yake na moduli zake. Ndiyo maana kurestati nginx hakukusaidia kitu. Hata kurestati seva nzima ni bure, maana ilipoamka 8.1 iliamka vilevile, bila intl. Mzigo umempelekea Juma wa Chumbageni, na anayeusubiri ni Juma wa Makorora.

Kinachotuponza wengi ni hili neno "imesakinishwa". Limebeba mambo matatu, na kila moja lina mtu wake wa kuulizwa.

La kwanza, faili zipo kwenye diski. Hilo mwenye kulijua ni apt:

```
dpkg -l | grep intl
```

Mstari unaoanza na ii ndio uliokamilika. Kwako nina hakika utaona php8.3-intl, na php8.1-intl hutaiona.

La pili, moduli imewashwa. Kwenye Ubuntu na Debian kila toleo lina folda ya mods-available, na humo utakuta intl.ini yenye mstari mmoja wa maana: `extension=intl.so`. Kukaa humo peke yake hakuiwashi. Kinachoiwasha ni kiungo kinachowekwa kwenye conf.d, na conf.d ziko zaidi ya moja: /etc/php/8.1/cli/conf.d/ ni ya terminali, /etc/php/8.1/fpm/conf.d/ ni ya tovuti. Ukiwa na Apache inayobeba PHP ndani yake, kuna na apache2/conf.d. Inawezekana kabisa 20-intl.ini ikawa kwenye cli na kwenye fpm hamna kitu. Viungo hivyo huwekwa na `phpenmod` na kuondolewa na `phpdismod`. Usiviunde kwa mkono. Hizo namba za mwanzo ni foleni ya kupanda: pdo ina 10, pdo_mysql ina 20, kwa sababu ya pili haiwezi kukaa mpaka ya kwanza ikae.

La tatu ndilo unalolitaka wewe: mchakato unaohudumia tovuti umeipakia? PHP husoma ini zake inapoamka, basi. Umewasha moduli leo, FPM iliamka juzi, basi FPM bado inaishi juzi.

`php -m` inakujibu kuhusu PHP ya terminali peke yake. Haijawahi kujibu kuhusu tovuti, hata pale majibu yanapofanana.

Ukitaka jibu la tovuti, pitia mlango wa tovuti. Weka faili ndogo ndani ya folda ya Moodle, ipe jina lisilokisika. Usiite info.php wala test.php, maana roboti zinazozunguka mtandaoni hujaribu hayo mwanzo kabisa:

```
<?php
header('Content-Type: text/plain');
echo PHP_VERSION, "\n";
echo PHP_SAPI, "\n";
echo php_ini_loaded_file(), "\n";
var_dump(extension_loaded('intl'));
```

Ifungue kwa brauza, utuletee mistari minne, halafu IFUTE.

#9 MtaaWaSaba

Juma wa Chumbageni 😂 Huyu dada ni wa Tanga huyu, hajifichi.

#10 FundiMitambo

Nyongeza kidogo kwa aliyoeleza BintiMakorora. Asiyetaka kuweka faili kwenye tovuti anaweza kuuliza FPM yenyewe kwenye terminali:

```
php-fpm8.1 -m | grep -i intl
```

Angalia namba iliyo ndani ya jina. Hii inasoma ini za fpm, si za cli. Ila inakwambia FPM ingepakia nini kama ingeamka sasa hivi. Ile iliyo hewani tangu asubuhi inaweza kuwa na jibu jingine. Ndiyo maana mimi pia napendelea ile faili.

#11 Kibatari

Majibu ya faili: mstari wa kwanza unaanza na 8.1, halafu

```
fpm-fcgi
/etc/php/8.1/fpm/php.ini
bool(false)
```

Aisee. Siku mbili nahangaika na 8.3 ambayo tovuti haijawahi kuigusa.

#12 BintiMakorora

Sasa tiba ni mistari miwili:

```
sudo apt install php8.1-intl
sudo systemctl restart php8.1-fpm
```

Kwa kawaida apt yenyewe huiamsha upya FPM ikimaliza kuweka moduli. Mimi naandika mstari wa pili hata hivyo, nimeshalala usiku nikidhani imeamka kumbe bado.

Na usizoee kuandika `php-intl` bila namba. Kifurushi kisicho na namba kinafuata toleo ambalo hazina yako ya vifurushi inaliita la kawaida. Kwenye Ubuntu 22.04 ya dukani hilo ni 8.1, lakini nakisia yule jamaa yako aliongeza hazina ya Ondřej Surý (yule anayefunga PHP za Debian na Ubuntu, nusu ya seva zetu zinakula kwake), na huko la kawaida huwa ni jipya zaidi. Utaandika jina bila namba, utaletewa moduli ya PHP ambayo hata huitumii.

#13 RootNiMimi

Si angeielekeza nginx kwenye 8.3 tu? intl tayari ipo huko, na 8.3 ni mpya.

#14 FundiMitambo

Swali zuri, safari hii nakubaliana na wewe nusu. Moodle 4.5 inaikubali 8.1 mpaka 8.3, kwa hiyo toleo si tatizo. Tatizo ni kwamba kwenye /run/php hakuna soketi ya 8.3, maana yake FPM ya 8.3 haiko hewani, nadhani yule jamaa aliweka ya terminali tu. Kibatari, hebu tuone hiyo 8.3 ina nini kingine zaidi ya intl.

#15 Kibatari

Nimeangalia. Haina mysqli. Haina gd, haina zip, haina mbstring. Ina vile vya kuzaliwa navyo, na intl niliyoibandika mimi.

#16 FundiMitambo

Basi hiyo iacheni ilale. Endelea na 8.1.

#17 Kibatari

IMEKUBALI! Mstari wa intl umekuwa kijani! bool(true)! Dada BintiMakorora, ukipita huku soda juu yangu.

Ila sasa kimetokea kingine chini yake: max_input_vars iwe angalau 5000. Nimefungua /etc/php/8.3/cli/php.ini… nimeandika hadi hapa ndiyo nimejishtukia. Ngoja.

#18 Kibatari

Nimehamia kwenye /etc/php/8.1/fpm/php.ini, nimeitafuta max_input_vars, nimebadili 1000 kuwa 5000, nimehifadhi, nimeiamsha FPM. Bado inalalamika. Safari hii faili ni lenyewe, na namba ya toleo ni yenyewe.

#19 BintiMakorora

Mstari unaanza na nini?

#20 Kibatari

```
;max_input_vars = 5000
```

#21 BintiMakorora

😄

#22 Kibatari

Nukta mkato. Nimeiona. Kumbe mstari mzima ulikuwa maelezo tu na PHP inaupita. Nimeitoa, imekuwa kijani. Nimepandisha, 4.5 iko hewani. Ni saa 7 usiku. Asanteni sana wote, nakwenda kulala.

#23 FundiMitambo

Umefuta ile faili?

#24 Msafiri254, Ijumaa asubuhi

Uzi mzuri huu. Nauliza kutoka Nairobi: mimi sina SSH (siwezi kuingia kwenye terminali ya seva), niko kwenye hosti ya kushea yenye cPanel, na mteja wangu anataka mfumo wenye moduli za gd (ya picha) na zip. Nitajuaje zipo?

#25 BintiMakorora

Kwenye cPanel tafuta sehemu ya kuchagua toleo la PHP. Kama kampuni yako inatumia CloudLinux utapata orodha ya moduli zenye visanduku. Weka tiki, basi. Mtego mmoja: humo kuna mysqli na kuna nd_mysqli. Ni kazi ileile kwa maktaba mbili tofauti, na hazikai pamoja. Chagua moja.

Usipoiona hiyo orodha, ile faili ya #8 inafanya kazi popote. Na hata hosti wanaokupa terminali, andika njia nzima ya PHP unayoiuliza. Kwa EasyApache 4 ni kitu kama `/opt/cpanel/ea-php81/root/usr/bin/php -m`. Ukiandika `php` tupu, unaweza kuletewa toleo la seva ambalo akaunti yako haijachagua.

#26 Msafiri254

Sawa dada, nimeipata. Zip haikuwa na tiki. Kumbe wiki nzima mteja ananiambia "kupakua ripoti kunagoma" na mimi namwambia ni mtandao wake.

#27 MzeeKobe

Vijana, mimi nina mfumo wa ushirika wetu niliuandika mwaka 2009. Wamenihamishia seva mpya, sasa unaniambia mysql_connect haifahamiki. Nimeweka php8.1-mysql, dpkg inaonyesha ii kabisa. Nikiandika `php -m | grep mysql` naona mysqli, mysqlnd na pdo_mysql. Hiyo mysql yenyewe nitaitoa wapi?

#28 FundiMitambo

Shikamoo mzee. Hiyo hautaipata. Moduli ya mysql ya zamani iliondolewa PHP 7.0 ilipotoka, mwishoni mwa 2015. Hakuna kifurushi cha kuirudisha. Kazi iliyobaki ni kupita kwenye kodi na kubadili iwe mysqli au PDO.

Mfano wako una funzo jingine pia kwa wanaosoma: jina la kifurushi si lazima liwe jina la moduli. Umeomba kimoja kinachoitwa mysql, ukaletewa moduli tatu na hakuna hata moja yenye jina hilo tupu. php8.1-xml nayo inaleta dom, SimpleXML, xml, xmlreader, xmlwriter na xsl. Anayetafuta "dom" kwenye apt atazunguka mpaka jioni. Na json msiitafute kabisa, tangu 8.0 ni sehemu ya PHP yenyewe, haizimiki.

#29 MzeeKobe

Marahaba. Kodi yenyewe ina mafaili 140. Basi nitaanza na la kwanza.

#30 BintiMakorora

Mzee, usiandike upya mafaili 140. Kama mysql_connect na mysql_query umezitawanya kila mahali, andika faili moja lenye funkisheni zako zenye majina hayohayo, ndani ziite mysqli, uliingize juu ya kila ukurasa. Si suluhisho la kudumu, na maswali yako ya hifadhidata bado yatahitaji kusafishwa yasiingiliwe na wezi, ila ushirika utafungua Jumatatu.

#31 MzeeKobe

Mungu akubariki binti yangu.

#32 Nahodha

Mimi langu lilikuwa opcache. Nimeandika extension_loaded('opcache'), false. Nimeirudisha upya mara tatu, false. Kumbe jina lake rasmi ni Zend OPcache, na nafasi katikati, na herufi kubwa. Kwenye `php -m` iko kule chini kabisa, ina kichwa chake. Nilipoandika 'Zend OPcache' nikapata true, nikafunga kompyuta nikaenda kula.

#33 RootNiMimi

Na nyie wa Docker msijisahau. Mimi niliweka gd kwenye seva, nikaapa kwa mama kwamba ipo. Tovuti ilikuwa ndani ya kontena, na kontena lina PHP yake, halijui seva inakula nini. `docker exec` kwanza, halafu ndiyo uulize `php -m` ukiwa humo ndani.

#34 FundiMitambo

Hili nakupa like.

#35 MkutubiWaZiwa

Niingilie kati, niko maktaba, sisi tunatumia Koha na siyo PHP, ni Perl. Niliambiwa na mwenzangu kuna moduli ya Perl inakosekana. Nilipouliza kama hivi:

```
perl -MDBI -e 1
```

haikunijibu chochote. Nikadhani amri imeharibika.

#36 BintiMakorora

Haijaharibika, imekujibu. Perl ikiikuta moduli inanyamaza. Ikiikosa ndiyo inapiga kelele kwamba haiioni, na inakutajia folda zote ilizozitafuta. Ukitaka neno, iombe namba ya toleo:

```
perl -MDBI -e 'print $DBI::VERSION'
```

Ila kwa Koha huna haja ya kwenda huko. Ingia upande wa watumishi, fungua ukurasa wa "About Koha", kuna kichupo cha moduli za Perl. Kinakuonyesha ipi ipo, ipi haipo, ipi imezeeka, na ipi ni ya lazima. Na kinajibu kutoka ndani ya Koha yenyewe, ndicho nilichokuwa nampigia kelele Kibatari.

#37 MkutubiWaZiwa

Miaka miwili naipita hiyo "About" nikijua ni mambo ya hakimiliki.

#38 Nahodha

Na moduli za nginx yenyewe? Natafuta kama nina ya HTTP/2, nikiandika `nginx -V | grep http_v2` inamwaga kila kitu, grep haichuji.

#39 FundiMitambo

Kwa sababu nginx inatoa hayo maelezo kwenye mfereji wa makosa, na grep inasikiliza mfereji wa kawaida. Unganisha: `nginx -V 2>&1 | grep -o http_v2`. V iwe kubwa, ndogo inakupa toleo tu. Wenye Apache ni `apache2ctl -M`, kwenye familia ya Red Hat `httpd -M`.

#40 FundiMitambo

Kibatari, hujajibu. Ile faili umefuta?

#41 Kibatari, Ijumaa mchana

…Nimefuta sasa hivi mkuu.

#42 MtaaWaSaba

Ilikuwa inatoa siri gani kwani? Mistari minne tu.

#43 FundiMitambo

Hiyo ya BintiMakorora ni ya kistaarabu, inatoa toleo na njia ya php.ini. Wengi wanaweka phpinfo() nzima, na ile inaanika folda zote za seva, matoleo ya kila kitu, na vigezo vya mazingira. Ukiwa mtu wa kuweka nywila za hifadhidata kwenye vigezo vya mazingira, umezibandika ukutani.

#44 Kibatari, Jumanne saa 3 asubuhi

Wakuu nimerudi. Wanafunzi wanapakia vizuri, hakuna kesi huko. Ila kuna mwalimu kanifuata: Ijumaa alibandika tangazo kwenye jukwaa la somo lake kwamba jaribio limetolewa Alhamisi limeletwa Jumatano. Leo darasani nusu hawajui. Wanasema barua pepe haikuja, na kweli hata mimi sijapata. Kwenye ukurasa wa taarifa za msimamizi naona onyo kwamba cron (inayoendesha kazi za ratiba, kama kutuma barua) haijakimbia zaidi ya saa 24.

Nimeangalia crontab ya www-data, mstari upo, nimeuandika mwenyewe siku ya kuhamia:

```
* * * * * php /var/www/moodle/admin/cli/cron.php
```

#45 BintiMakorora

Iite kwa mkono uone inasema nini:

```
sudo -u www-data php /var/www/moodle/admin/cli/cron.php
```

#46 Kibatari

Inasema PHP haina mysqli, haiwezi kuongea na hifadhidata.

Lakini tovuti inaongea nayo vizu… ooh.

#47 BintiMakorora

Ndiyo. Cron haipiti nginx wala FPM. Inaita `php` ya terminali, na hiyo ni 8.3 yako isiyo na mysqli, isiyo na gd. Ulituandikia mwenyewe pale #15, tukasema iacheni ilale. Na mimi nilikuwepo, nikapita. Samahani kaka, hilo nilitakiwa nilione.

Andika njia yenye namba:

```
* * * * * /usr/bin/php8.1 /var/www/moodle/admin/cli/cron.php
```

Kabla ya hapo hakikisha `php8.1 -m | grep mysqli` inajibu.

#48 FundiMitambo

Na mimi ndiye niliyesema ilale, kwa hiyo tugawane. Kibatari, ukitaka hata `php` tupu iwe 8.1 kuanzia leo: `sudo update-alternatives --set php /usr/bin/php8.1`. Lakini kwenye crontab acha namba ibaki. Siku mwingine akija kuweka 8.4 humo, cron yako haitahamishwa kimyakimya.

#49 Kibatari

php8.1 inayo mysqli. Nimebadili mstari, nimesubiri dakika mbili, onyo limeondoka. Barua za jana na leo zimeanza kutoka. Ila tangazo la yule mwalimu la Ijumaa sijaliona.

#50 BintiMakorora

Hilo halitatoka. Moodle haitumi barua za machapisho ya jukwaa yaliyopitisha siku mbili, ili cron ikiamka baada ya kulala muda mrefu isimwagie watu barua za mwezi mzima. Mwambie mwalimu alibandike upya, kama chapisho jipya. Na asishangae likichelewa, kuna dakika 30 za kumruhusu mtu ahariri kabla barua haijatoka.

#51 Kibatari

Kalibandika saa 5:20 akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Saa 5:51 simu yangu imelia, nimejisajili humo kama mwanafunzi wa majaribio. Saa 5:52 ya kwake ikalia pia, akaondoka bila kuaga.